Mwalimu Aliyeshika Zamu

Wiki nzima sikulala vizuri kwa sababu ya sentensi moja. Sentensi yenyewe ni fupi: "Zamu haiishi mpaka mwenye zamu amwambie mwenzake, maji yako." Niliiandika mwenyewe kwenye karatasi ya sheria za mchezo, nikaifuta, nikairudisha, nikaishusha chini ya ukurasa kana kwamba ikikaa chini haitaonekana. Nikiiacha, mchezo utabaki ule ule tuliofundishwa na Mwalimu, na hakuna shule itakayoutaka. Nikiitoa, nitakuwa nimemnyang'anya mzee wa watu kitu chake angali hai, amekaa sebuleni kwake Akheri, Meru, akili zake zote zimetimia. Nilijiuliza kama nina haki hiyo. Halafu nikajiuliza kama mtu anayejiuliza maswali mengi kiasi hicho ana haki ya kufanya jambo lolote hapa duniani. Dada yangu, ambaye ninakaa kwake mjini, Daraja Mbili, alichoka na mimi. "Ni mchezo," alisema. "Ni vipande vya mbao na buni. Lala, mtoto wa watu."

Lakini nilikuwa na hasira, na hasira hailali. Nina hasira na Mwalimu tangu niko sekondari. Kibaya zaidi ni kwamba siwezi kuieleza bila kuanza na wema wake, na nikishaanza na wema wake naonekana mimi ndiye mwenye matatizo.

Mwalimu alikuwa anatufundisha historia. Alipofika kwenye mada ya Ulaya ya enzi za kati, na majumba ya mawe ya wafalme, na majeshi yaliyokaa nje ya kuta miezi na miezi yakingoja watu wa ndani wafe njaa, darasa zima lilikuwa linasinzia. Hakuna aliyeona sababu ya mtoto wa Akheri kujua mambo hayo. Basi akatengeneza mchezo. Alichukua kipande cha plaiwudi, akachora mji katikati, akaujengea kuta kwa vijiti vya mkahawa alivyovipata wakati wa kupogoa. Askari wa nje walikuwa buni. Askari wa ndani walikuwa maharage. Chakula cha pande zote mbili kilikuwa punje za mahindi, na ule mtambo wa kurushia mawe ukutani ulikuwa kokwa la parachichi limekalishwa juu ya kizibo cha soda. Aliuita Ngome. Baada ya vipindi, na wikendi, na hata baada ya yeye kustaafu, tulikuwa tunacheza nyumbani kwake, kwenye meza ndefu ya barazani.

Sheria zake aliziweka kichwani na alizisema kwa mdomo, kwa ule ukali wake wa kutamka neno moja moja. Kila zamu ina hatua nne, na hazipishani: kula, kuziba, kusogea, kupiga. Unaanza na kula. Unatoa punje kwenye ghala lako kulingana na askari ulio nao, na wasiopata chakula wanaondoka mezani. Halafu unaziba: aliye ndani anarudisha vijiti vya ukuta vilivyoanguka, aliye nje anatengeneza ngazi na mtambo wake. Halafu unasogeza watu. Mwisho unapiga. Ukishapiga huruhusiwi kurudi nyuma kusema ulisahau kula.

"Hakuna jeshi linalopigana halafu ndiyo linakula," alisema Mwalimu. "Hao ni majambazi."

Mimi, ambaye hata wakati ule nilikuwa siwezi kuacha kitu kipite, nilimuuliza: "Mwalimu, mtu akila mwanzoni mwa zamu halafu akafa kwenye kupiga, si chakula kimepotea?"

"Kimepotea vipi?"

"Marehemu ameshakula."

"Kwani kwenu msibani watu hawali?"

Meza nzima ilicheka, na mimi nilicheka. Hivyo ndivyo alivyokuwa anashinda mabishano. Shahada niliyokuja kuisoma baadaye ni ya ugavi, mambo ya kununua na kutunza na kugawa, na nilipokuwa chuoni, mhadhiri akieleza jinsi ghala linavyopaswa kuhesabiwa kabla ya kazi kuanza, nilikuwa naona meza ile ya barazani. Hilo nalo ni deni langu kwake, na lenyewe linanikera.

Sasa hiyo sentensi. Mtu ambaye hajakulia huku Meru haielewi, kwa hiyo niseme imetoka wapi. Mashamba yetu yanakunywa kwenye mifereji inayoshuka kutoka mlimani. Kila mfereji una wazee wake, na kila nyumba ina zamu yake. Zamu yako ikifika unaziba kwa vipande vya migomba na matope, unayageuza maji yaingie kwako, na ukimaliza hutoki tu ukaenda kulala. Unafungua, unatembea mpaka kwa jirani anayefuata, unamwambia kwa mdomo wako: maji yako. Kabla hujamwambia, yeye hagusi mfereji hata kama anaona maji yanapita bure mbele ya mahindi yake. Akigusa ameiba. Ataitwa kwenye kikao na atatozwa pombe au mbuzi, kulingana na hasira za wazee siku hiyo.

Mwalimu alikuwa mmoja wa wazee wa mfereji wetu, na alipotengeneza Ngome hakuona njia nyingine ya kumaliza zamu. Vitabu alivyovisoma vilikuwa na wafalme na maaskofu, lakini zamu alizozijua ni za maji. Akaitia sheria ya mfereji kwenye vita vya Wazungu. Hakuweka kikomo chochote cha muda, kwa sababu kwenye mfereji kikomo ni jua na macho ya jirani. Sidhani kama alifikiria kwamba mezani hakuna jua wala jirani. Au alifikiria. Hilo ndilo swali langu kubwa kumhusu, na nimeligeuza mpaka limenichosha.

Maana kwenye maji Mwalimu alikuwa mtu mwingine kabisa. Mwaka mmoja wa ukame, mama yangu alikuwa na nyanya shambani na alikuwa amebaki mjane, na zamu yake ilikuwa imepangwa kufuata ya Mwalimu, yaani ingeangukia gizani. Jua lilikuwa bado liko juu tulipomwona Mwalimu anakuja na jembe begani, buti zimejaa tope. Kabeji zake nusu zilikuwa hazijanyweshwa, tuliziona wenyewe zimelala kama matambara.

"Mama, maji yako," alisema.

"Lakini Mwalimu, wewe hujamaliza."

"Nimemaliza."

"Mbona upande ule—"

"Nimekwambia maji yako. Unataka nikuandikie barua?"

Akaondoka. Zile nyanya ndizo zilizonipeleka kidato cha tano. Kanisani alikuwa hivyo hivyo. Baada ya ibada watu wanapokaa nje kwenye mnada wa sadaka, mtu ameleta mkungu wa ndizi, mwingine mayai, mwingine jogoo, Mwalimu alikuwa anapandisha bei ya mkungu wa bibi fulani maskini mpaka kila mtu ananyamaza. Akishaununua, anaubeba mwenyewe, anaupeleka kwa bibi yule yule aliyeutoa, anauweka mlangoni mwa jiko bila hodi. Watu walimheshimu, na walikuwa na sababu.

Lakini mwite mezani, mpe maharage yake na kuta zake, halafu umbane. Utamwona mtu mwingine anakaa kwenye kiti kile kile.

Alikuwa anacheza upande wa mji siku zote. Alisema mji una mwenyewe na mwenyewe ni yeye. Akiwa anashinda, zamu zilikwenda haraka: kula, kuziba, kusogea, kupiga, maji yako, kunywa chai. Akianza kushindwa, alikuwa anamaliza hatua zake nne kwa utaratibu, halafu anakaa kimya. Anakunja mikono. Anaangalia migomba. Sisi tunasubiri lile neno, na neno haliji. Huwezi kumwambia "Mwalimu, vipi," kwa sababu zamu ni yake, na kumharakisha mwenye zamu lilikuwa kosa la kupoteza askari. Alikuwa na kitu kama hicho hata kwenye salamu. Ukifika kwake ukasema shikamoo, alikuwa anaweza kumaliza kwanza kufunga kamba ya ndama, anawe mikono, akae, ndipo aseme marahaba. Muda wote huo wewe umesimama, shikamoo yako iko hewani.

Rafiki yangu Elibariki alikuwa mchezaji mzuri kuliko sisi wote, na yeye ndiye aliyefanyiwa kitu ambacho mpaka leo hatujakisamehe. Sasa ni fundi seremala, ana karakana Kimandolu, lakini wakati ule alikuwa chalii mwembamba asiyesema sana. Aliuzingira mji wa Mwalimu bila kurusha hata jiwe. Alikalia tu njia ya chakula. Mji ukabaki na punje moja ya mahindi. Zamu ya Mwalimu ikaja: akala ile punje. Hakuwa na cha kuziba. Hakuwa na wa kusogeza. Hakupiga. Kilichobaki ni kusema maneno mawili, Elibariki acheze, na zamu ikirudi mji ungekufa njaa.

Mwalimu akasimama. "Nakwenda kuangalia mfereji," akasema. "Msiguse."

Akafunika ubao kwa beseni.

Wiki iliyofuata tulirudi. Beseni lilikuwa pale pale. "Bado nafikiri," alisema. Tulirudi tena, na tena. Mke wake, ambaye sote tulimwita Bibi, alikuwa anapanguza meza kwa kuzunguka lile beseni, kuku wakalala juu yake, na Mwalimu akaendelea kufikiri mpaka tukamaliza kidato cha nne na Elibariki hakuendelea na shule. Hakuna aliyewahi kuliinua mbele yake.

"Aisee, jeshi langu liko nje ya ule mji mpaka leo," Elibariki huwa anasema, randa mkononi. "Wameshaoa huko, wamezaa, watoto wao wamebatizwa. Bado wanazingira."

Anacheka anaposema hivyo. Mimi siwezi kucheka naye mpaka mwisho.

Nilimuuliza Mwalimu mara moja, nikiwa chuoni na nikijiona nimekua. "Kule shambani unatoa zamu kabla haijaisha. Hapa hutoi hata ikiisha. Kwa nini?"

Hakukasirika. Alinijibu kama mtu anayesoma tangazo. "Maji ni ya Mungu. Ubao ni wangu."

Nilipohitimu nilikwenda kwake kabla ya kwenda popote, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Nilikuwa najitolea kwenye ofisi moja mjini, bila malipo, kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, nikingoja mzee mmoja wa stoo astaafu. Mzee hakustaafu. Aliongezewa mkataba, kisha akaongezewa tena, na kila akiongezewa alinipigapiga begani akaniambia vijana mna muda. Nilimweleza Mwalimu haya yote. Alisikiliza kwa makini, nakiri alisikiliza kuliko mtu mwingine yeyote. Mwisho akasema: "Subiri zamu yako, msomi. Zamu haichukuliwi. Hupewa."

Nilitembea mpaka barabarani huku nimeuma meno. Sijawahi kumsikia mtu aliyesimama akisema maneno hayo. Wanaoyasema wote wameketi. Na nilikuwa na hasira zaidi kwa sababu nilimtii: nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki mwaka mwingine mzima, nikimngojea mtu asiyekuwa na haraka ya kusema chochote.

Wazo la kuutengeneza mchezo lilikuwa la Elibariki. Alichonga ubao wa kwanza kwa mkono, wa kukunja katikati, kuta zinasimama kwenye vitundu, askari wa mbao wa rangi mbili. Ulikuwa mzuri mno. Tulimpelekea Mwalimu, akaushika, akaupindua, akaupapasa kwa vidole, akasema, "Fanyeni," na nadhani alifurahi. Shule moja ya binafsi upande wa mjini ikautaka kwa ajili ya vipindi vya historia, ikatuita tuujaribu na wanafunzi. Elibariki aliacha kazi nyingine zote, vitanda na madirisha ya watu, akaanza kukata mbao za oda hiyo. Mimi niliacha kiti cha plastiki. Sheria niliziandika mimi, zote kama zilivyokuwa, pamoja na ile sentensi.

Siku ya majaribio niliona matunda yake. Meza ya kwanza karibu na dirisha, binti mmoja wa kidato cha pili alikuwa na mji, na mji wake ulikuwa unakufa. Alikula, akaziba, akasogea, akapiga. Halafu akakunja mikono, akaangalia nje.

"Sema maji yako," mwenzake alimwambia.

"Bado nafikiri."

"Unafikiri nini? Umeshamaliza!"

"Soma sheria. Mpaka nimwambie. Sijakwambia."

Na hakumwambia. Meza ya pili ikasikia, ikaiga. Kengele ilipogonga, karibu kila mji darasani ulikuwa haujaanguka, na wavulana wawili walikuwa wanataka kupigana ngumi za kweli. Nilimtazama yule binti, mikono imekunjwa, hana hatia yoyote, na nilimwona Mwalimu mzima mzima. Sikuwa nimewaletea watoto wa watu mchezo. Niliwaletea namna ya kutoshindwa kamwe.

Mwalimu wao wa historia, mwanamke mpole, alinivuta pembeni. "Ni mzuri sana. Ila hauishi. Mkirekebisha hiyo zamu kabla ya Ijumaa, nawapeleka kwa mkuu. Mkishindwa, basi tena, tutafanya mwakani." Nilijua mwakani ni nini. Mwakani ni beseni.

Kwenye karakana Elibariki aliendelea kupiga msasa. "Toa tu hiyo sheria, dada. Weka mtu akimaliza hatua nne, mwenzake anahesabu kwa sauti mpaka ishirini. Ikifika ishirini hujasema, zamu imehama. Basi."

"Na Mwalimu?"

"Mwalimu afanyeje?"

"Ni mchezo wake, Eli."

Alinyoosha mkono kuonyesha mbao zilizopangwa mpaka darini. "Na hizi ni mbao zangu. Mimi nina pango la hapa, nina mtoto. Umwambie au usimwambie, mimi nimeshazingira miaka mingi. Nimechoka kukaa nje."

Alhamisi asubuhi nilipanda Akheri na ubao mpya mkononi. Nilitaka anipe mwenyewe. Ndivyo nilivyojidanganya: nikimwonyesha, nikimweleza kuhusu yule binti wa dirishani, ataona, atasema maji yako, na mimi nitarudi mjini nimepewa, sijaiba.

Bibi alinikuta uani. Miguu ya Mwalimu ilikuwa imevimba tangu masika, aliniambia, haendi tena mfereji, amewaachia wengine. Nilimweleza kilichonileta. Aliweka chini karai la majani ya ng'ombe, akashusha sauti.

"Mwanangu, ngoja nikwambie. Yule alikuwa hasemi lile neno kwa sababu mchezo ukiisha mnaondoka. Sisi watoto wetu wako mbali. Lile beseni, unakumbuka? Jumamosi alikuwa ananiambia, pika chai nyingi, wanakuja kuangalia mji."

Najua mtu mwingine angelainika pale uani. Mimi hasira ilinipanda mpaka masikioni. Tungekuja! Tungekuja hata kama angeshindwa kila wiki, tungekuja kumcheka, kumwomba marudio, kula ndizi zake. Elibariki angekuja mpaka leo. Mtu anayetaka watoto wabaki anawaambia bakini. Hawafungii jeshi lao chini ya beseni halafu akaiita hiyo ni sheria.

"Asante, Bibi," nilisema, kwa sababu ndiyo yote mtu anayoweza kumwambia bibi.

Mwalimu alikuwa sebuleni, blanketi magotini, redio imezimwa. Nikaamkia. Marahaba ilikuja baada ya yeye kuitafuta miwani yake na kuivaa.

"Msomi. Umeleta mji?"

"Nimeleta, Mwalimu. Tucheze kidogo. Ila kuna sheria mpya kwenye zamu, nataka uione ikifanya kazi."

"Cheza kwanza. Sheria baadaye."

Tulicheza. Alichukua mji, bila shaka. Mikono ilikuwa inatetemeka lakini akili haikutetemeka, alinivunjia ngazi mbili na kunichekea. Ila nilikuwa nimejifunza kwa Elibariki, nilikalia njia ya chakula, na ghala lake likaanza kwisha. Ikafika ile zamu. Akala. Akaziba kijiti kimoja. Akamsogeza askari mmoja ambaye hakuwa na mahali pa kwenda. Akapiga, akakosa. Akakunja mikono juu ya blanketi, akaangalia dirishani.

Nilisubiri. Nilisubiri kwa heshima, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikijiambia labda atasema. Halafu nikaanza kwa sauti.

"Moja. Mbili. Tatu."

Jikoni Bibi aliacha kuosha vyombo.

"Nne. Tano."

Mwalimu aligeuza kichwa polepole. "Unanihesabia?"

"Nahesabu zamu, Mwalimu. Sita."

"Mtu mzima hahesabiwi. Mbuzi ndio wanahesabiwa."

"Saba. Ukisema maji yako naacha. Nane."

"Nani amekufundisha hivi?"

Sikujibu, kwa sababu jibu lilikuwa "wewe", na lingeniliza pale pale. Tisa niliisema kama mtu anayekohoa. Kumi na moja nilitaka kuacha. Nilimfikiria mama na nyanya zake na buti zile zenye tope, nikajiona mwanaharamu, mtu aliyenipa maji mchana kweupe namhesabia kama mnyama wa mnadani. Lakini mikono yake ilikuwa imekunjwa vile vile alivyoikunja kwa Elibariki, na uso wake ulikuwa na ule utulivu wa mtu anayejua kwamba wote waliomzunguka wamelelewa vizuri mno kumfanya chochote. Nikaendelea. Ishirini niliisema wazi.

Nikachukua punje zangu, nikala. Nikatengeneza ngazi.

"Hiyo siyo zamu yako," alisema.

Nikasogea. Nikapiga. Lango la mji lilianguka juu ya meza, likatoa mlio mdogo tu wa mbao.

Nilingoja anitukane, na ningependa anitukane.

"Andikeni mnavyotaka," alisema mwishoni. "Lakini jina langu mlitoe. Mchezo wa kuhesabu watu sio wangu."

"Mwalimu, mchezo ni wako. Kula, kuziba, kusogea, kupiga. Vyote ni vyako."

"Nimesema mlitoe."

Akafunga macho, na nikajua atakaa hivyo mpaka niondoke. Nilisema kwaheri, hakuitikia. Bibi alinisindikiza mpaka kwenye sale zilizopandwa mpakani mwa boma, akanishika mkono, na mimi sikuomba radhi. Niliteremka nikilia kwa hasira, watu wakanipa pole wakidhani nimefiwa.

Nilikwenda moja kwa moja mjini kwa mchapaji. Kijana wa kwenye kompyuta alifungua karatasi yangu, nikamwambia ile sentensi afute, nikamsomea nyingine aandike mahali pake: mwenye zamu akimaliza hatua nne, mpinzani ahesabu kwa sauti mpaka ishirini, kisha zamu imehama, mwenye zamu amesema au hajasema. Aliandika, akairudia kwa kusoma.

"Na chini hapa, mtunzi niweke nani?"

Nilitaja majina yote matatu ya Mwalimu, herufi kwa herufi, yaandikwe makubwa. Alikuwa amenikataza, na hilo nalo sikumtii. Jina lake litakaa juu ya kila sanduku litakalotoka Kimandolu, apende asipende, kwa sababu alichokitengeneza alikitengeneza, na mimi sina kipaji cha kusema uongo wa aina hiyo hata nikiwa na hasira.

"Halafu chini yake andika: sheria ya zamu, imebadilishwa na." Nikataja langu na la Elibariki.

"Umeshahakiki? Nikichapa sirudishi."

Nilisoma mara moja tu. Mimi, ambaye ujumbe wa simu wa kumuuliza mtu yuko wapi nausoma mara tano kabla ya kuutuma.

"Chapa," nikamwambia.